Vyombo vya Fundi wa Motokaa

Wasomaji wetu, vijana wengi waliojifunza ufundi wataka kufungua gereji, nao fedha zao ni haba. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza ni vyombo gani vyafaa kununuliwa kwa bei ndogo, na vipi havifai.

Nyundo, patasi ya chuma na brashi, hata vikiwa rahisi, vyatosha. Vikiharibika, mara nyingi hasara ni ya chombo peke yake. Spana sivyo. Spana mbovu hupanuka mdomo, ikateleza, ikala pembe za nati; na nati iliyokwisha kuviringana haishikiki tena, pengine bolti yakatika, ikabidi kutobolewa kwa keekee. Nasi tumeyaona hayo: kazi ya nusu saa ikawa ya siku nzima, na mwenye gari asirudi tena.

Basi msivutwe na sanduku kubwa ling'aalo. Nunueni spana chache zilizo imara. Kwa motokaa za Kijapani, ambazo ndizo nyingi kwetu, milimeta 10, 12, 14 na 17 hufanya sehemu kubwa ya kazi. Za Ulaya hutaka sana 13. Katika spana za boksi, chagueni zenye pembe sita ndani, kwa kuwa hushika nati ubavuni, si penye ncha. Nendeni dukani na nati mpya mfukoni, ivikeni spana, mwitikise, ikichezacheza, irudisheni. Spana kuukuu ambayo mdomo wake haujapanuka mara nyingi yaishinda mpya ya bei ile ile.

Jeki nayo isiwe ya kubahatisha. Na hata ikiwa njema, mtu asiingie kabisa chini ya gari lisilowekewa stendi.