Somo: Safari ya Siku Moja Isiyomaliza Mfuko wa Kikundi



Kikundi kimoja tunachokifahamu upande wa Kitengela kilikodi basi kwenda Mombasa. Akiba ya miezi mingi ikaisha kwa siku tatu. Wale waliobaki nyumbani kwa kukosa nafasi wakauliza, na walikuwa na haki, mbona mchango wao umelipia wengine raha. Sisi tuliitwa kupatanisha. Tulikaa vikao vitatu, na mpaka leo wanachama wengine hawajarudi.

Hatusemi vikundi visitembee. Kutembea ni kujifunza, na watu waliofanya kazi pamoja mwaka mzima wanastahili siku ya kupumzika. Lakini tuanze na vilivyo karibu. Katika mkutano mmoja pale Ngong tuliuliza ni nani amewahi kupanda hii milima. Mikono iliyoinuka ilikuwa ya kuhesabu, na hawa ni watu wanaoiona kila asubuhi wakienda kukamua ng'ombe!

Basi tuiangalie. Milima ya Ngong ni mabaki ya volkeno ya zamani sana. Ardhi ilipopasuka kufanya Bonde la Ufa, upande wa magharibi wa volkeno hiyo ulishuka pamoja na bonde. Ndiyo maana ukisimama juu, karibu mita 2,460, unaona Nairobi upande mmoja, na upande wa pili ni kama nchi imekatwa kwa panga. Mitambo ya upepo iko karibu na lango, kwa hivyo hata mama mzee mwenye magoti mabaya anaifikia polepole. Ile ya kwanza ilitolewa na serikali ya Ubelgiji mwaka 1993, na kuanzia 2009 KenGen ikaongeza mingine mpaka ikafika megawati 25.5. Upepo ule ule tunaoulalamikia ndio unaowasha taa za watu.

Wenye nguvu wanaweza kuendelea kilele baada ya kilele hadi Kona Baridi. Huo ni mwendo wa nusu siku. Msiachane njiani, kwa maana watu wamewahi kuporwa huko. Ulizeni langoni kama mnaweza kupata askari wa msitu awasindikize.

Ukipita Kona Baridi ukateremka barabara ya Magadi, utafika Olorgesailie, yapata kilomita 65 kutoka Nairobi. Hapo kuna mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale, mengine yana umri wa karibu miaka milioni moja. Louis na Mary Leakey walianza kuchimba hapo miaka ya 1940, na mengi yameachwa pale pale yalipopatikana. Zamani palikuwa na ziwa. Leo ni vumbi na jua kali. Kikundi chochote kinachopanda miti kitapata la kuzungumza hapo. Maji ya kunywa mbebe ya kutosha, msitegemee ya kununua.

Jumba la Karen Blixen liko karibu zaidi. Wengi huenda kuangalia viti na vyombo vya mzungu, lakini sisi tungependa muulize habari za shamba. Alilima kahawa mahali palipo juu mno kwa kahawa, hasara ikafuata hasara, na mwaka 1931 likauzwa. Wakulima, hilo si letu pia?

Sasa pesa. Kinachokula mfuko ni gari. Kiingilio kwa raia ni kidogo, mradi kila mtu abebe kitambulisho. Bei hubadilika, kwa hivyo mtu mmoja atumwe kuuliza kabla ya kuchangisha. Siku hizi malipo ya mahali pa serikali hupitia eCitizen, kwa hivyo mweka hazina awe na pesa kwenye simu, na simu iwe na chaji! Walio Kitengela wanaweza kupitia Isinya mpaka Kiserian bila kuingia Nairobi. Chakula mpike nyumbani: chapati, githeri, chai kwenye chupa. Tumeona kikundi kikitumia hotelini zaidi ya nauli yote.

Mchango wa safari uwekwe kando na akiba, kwenye daftari lake. Anayekwenda achangie, asiyekwenda asikatwe hata shilingi. Ikibaki, irudishwe kwa waliotoa, mbele ya wote.

Mzungumze kikundini:

1. Katika kikundi chetu ni nani huachwa nyuma kila tukitoka, na ni kwa sababu gani?
2. Tukienda Olorgesailie au milimani, tunataka kurudi na jambo gani la kufanya hapa kwetu?
3. Je, pesa za safari iliyopita zilisomwa mkutanoni?