Mlezi Mdogo na Moto wa Jikoni

Amma baad. Wapo wanaouliza: mtoto akiungua au akitumbukia kisimani, kosa ni la nani, la mzazi au la mtoto? Sisi twaona swali hili halikukaa sawa. Ajali huzaliwa pale mambo mawili yanapokutana, pupa ya mtoto na mghafala wa mkubwa, na la kwanza halina dawa ila umri.

Na tutazame bara kidogo. Robert na Barbara LeVine walianza uchunguzi wao kwa Wakisii mwaka 1955, na mwaka 1966 wakatoa kitabu juu ya jamii waliyoiita Nyansongo, jina lililo karibu mno na Nyansiongo ya Nyamira. Mama wa huko alikuwa na shamba la kulima kwa jembe, na kitoto chake humwachia omoreri, yaani mlezi, ambaye aghalabu ni dada mtu, naye ni mtoto bado. Huyo ndiye ambebaye mgongoni na kumbembeleza mpaka mama arudi. Mwaka 1974 LeVine akatoa hoja kuwa kule kumbeba mtoto mchana kutwa kuna hekima yake: mwenye kujifunza kutambaa huyaendea meko yaliyo wazi chini, na mgongoni hayafikii.

Basi asije mtu wa mjini akawacheka. Majumbani mwetu jiko la makaa laketi uani, sufuria ya uji chini kando yake, na mafuta ya taa yatiwa katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili ajuaje kuwa chupa ile si ya soda? Naye mlezi ni bintiye mtu wa miaka minane, aliyeambiwa, "Mtazame mwenzio," kisha akatumwa dukani! Mtoto akiungua, binti hupigwa. Hiyo ni dhuluma, nasi hatuoni jina jingine la kuiita. Amana hukabidhiwa mwenye kuiweza, na aliyemkabidhi asiyeweza ndiye wa kuulizwa.

Wako wazazi wasemao, "Nimemkataza mara mia, naye ajua." Ndiyo, ajua kusema. Mtoto wa miaka mitatu au minne aweza kulisoma katazo lote kwa ulimi, na mara hiyo hiyo mkono ukanyoshwa kwenye birika. Kukataza ni kuzuri, lakini hakusimami mahali pa macho. Na kuchunga kwenyewe kuna sharti: uwe karibu hata mkono wako umfikie, moyo wako uwe kwake, wala usikatize. Mwenye kukaa barazani akizungumza, naye mtoto yu kisimani, huyo hachungi.

Vitu navyo viondolewe njiani. Jiko liinuliwe au lizungushiwe kizuizi, kisima kifunikwe, mafuta yawekwe juu katika chombo kisichofanana na cha kunywea. Hayo hayahitaji fedha nyingi.

Likitokea la kutokea, palipoungua pamwagiwe maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20, nguo na vipuli viondolewe ila vilivyogandamana na ngozi. Dawa ya meno, mayai na samli tuviache. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwani yakipanda huingia mapafuni. Achukuliwe hospitali upesi, na chupa ile ile ichukuliwe pamoja naye.