Kabla ya sensa, uangalie mlango

Wadogo zangu, leo namjibu mdogo wetu wa Rugenge, hapa Uvira. Anauza vitenge, mali yake analaza nyumbani, na wezi wamekwisha kupita kwa jirani. Anataka kufunga kengele ya wezi: "Yaya, sensa za mlango ziko za aina nyingi, nichukue ipi?"

Na mimi nikuulize, mdogo wangu: mlango wako ni wa mbao au wa chuma?

Usicheke. Hapo ndipo pesa yako itakapopona au kupotea. Sensa ya kawaida ina vipande viwili. Kimoja ni sumaku, kinakaa kwenye mlango. Cha pili kinakaa kwenye fremu, na ndani yake mna kichupa cha kioo chembamba kama njiti ya kiberiti, chenye vibamba viwili vya chuma. Sumaku ikiwa karibu, vibamba vinagusana. Mlango ukifunguliwa, sumaku inaondoka, vinaachana, kengele inalia. Kifaa hicho alikibuni Walter Ellwood mwaka 1936 katika maabara ya Bell, Marekani. Ni cha zamani, lakini msikidharau: hakili umeme wowote, na kwa kuwa kimefungiwa ndani ya kioo, unyevu wa ziwa letu la Tanganyika haukipati upesi.

Adui yake ni chuma. Milango yetu mingi imechomelewa kwa bamba, na bamba linainywa nguvu ya sumaku. Sensa ndogo nyeupe za kubandika, zile zinazojaa madukani, zimetengenezewa mbao na plastiki. Ukizibandika kwenye bamba, umbali ulioandikwa kwenye boksi unapungua sana. Ongeza na kwamba mlango wa kuchomelea haukai kimya. Upepo wa ziwa ukivuma usiku unacheza kidogo kwenye fremu, na mchezo huo wa mlango unatosha kuliza kengele. Ikilia bure usiku wa kwanza, majirani watatoka. Wa pili watachungulia dirishani. Baada ya hapo mwizi anaweza kuingia na ngoma.

Kwa hiyo uombe sensa ya milango ya chuma au ya mageti: ni kubwa zaidi, na inavumilia nafasi ya sentimita 5 hivi au zaidi kati ya vipande vyake. Ukiikosa, fundi aweke kipande cha plastiki au ubao chini ya sumaku na chini ya sensa, visigusane na bamba. Asitoboe kabla ya kujaribu. Mlango ukiwa umefungwa, usukume na kuuvuta kwa nguvu: kengele inyamaze. Ufungue kiasi cha mkono kupita: ilie. Na kama mlango una mabawa mawili, kila bawa lipate sensa yake, maana mwizi haulizi lipi ndilo unalotumia.

Sensa za mtikisiko mimi sizipendi kwetu. Ukikaa karibu na barabara ya kwenda Bukavu au Fizi, kila lori litakuamsha. Na ardhi yenyewe ya Tanganyika inatetemeka: tarehe 5 Desemba 2005 tulipata tetemeko la ukubwa wa 6.8.

Ya waya au isiyo na waya? Kama unajenga, na kuta hazijapigwa plasta, pitisha waya sasa hivi, na fundi aunge ile njia ambayo umeme wake hupita muda wote mlango ukiwa umefungwa. Mtu akikata waya, kengele inalia. Kama umepanga, chukua isiyo na waya, utaibandua siku utakapohama. Lakini muulize muuzaji jambo moja: betri ya sensa ikifa, boksi la kengele litajua? Nyingi za bei ya chini hazisemi kitu. Sensa inakufa, taa ya boksi inaendelea kuwaka kijani, na wewe unalala usingizi mzuri. Boksi nalo liwe na betri yake ya ndani, maana umeme wa SNEL tunaujua wote unavyokatika.

Mahali pa kufunga: juu ya mlango, upande unaofunguka, ndani ya nyumba. Walioyaona mafuriko ya Aprili 2020 hapa Uvira hawahitaji kuelezwa kwa nini si chini.

King'ora nacho kiwe juu, nje, kielekee kwa majirani. Wengine wanategemea ujumbe wa simu peke yake. Ujumbe ni mzuri, ila usiku wa manane salio limekwisha kwenye laini, au mtandao umelala. Katika miji yetu ya Kivu anayekuja kukuokoa ni jirani mwenye filimbi na sufuria ya kugonga. Mwelezeni mapema mlio wa kengele yenu ukoje, ili asidhani ni gari la mtu.

Na siku ya kununua, mdogo wangu, pitia kwanza kwa fundi wa kuchomelea, umwombe kipande cha bamba la aina ya mlango wako. Ubebe mpaka dukani, muuzaji aweke betri, aishikize sensa kwenye bamba hilo mbele ya macho yako. Akikataa, nenda duka la pili.