Mwaka Si Kipimo: Jinsi Excel Inavyosoma Data Uliyoteua

Lahajedwali haijui maana ya namba. Inachoona ni umbo la data uliyoteua. Ndiyo maana chati nyingi huharibika kabla hata ya kuchorwa. Chukua idadi ya watu wa Tanzania kwa sensa, kwa mamilioni: 1967, 12.3; 1978, 17.5; 1988, 23.1; 2002, 34.4; 2012, 44.9; 2022, 61.7. Iandike kwa safu wima mbili zenye vichwa "Mwaka" na "Watu", teua zote, kisha omba chati ya mstari. Kwa kawaida Excel huchora mistari miwili: mmoja karibu na 2000, mwingine umelala chini kabisa. Imekuta namba chini ya kichwa cha maandishi, ikaichukulia miaka kuwa kipimo kingine, sawa na watu. Futa neno "Mwaka" kabla ya kuteua. Seli ya juu kushoto ikiwa tupu, safu wima ya kwanza husomwa kama lebo za mhimili mlalo. Atakayesema jedwali lisilo na kichwa ni jedwali bovu ana haki, ila neno hilo unaweza kulirudisha chati ikishachorwa. Programu ya LibreOffice Calc hukuuliza waziwazi kama safu wima ya kwanza ni lebo, na naupenda uwazi huo.

Hata hivyo, lebo hazitoshi, na hapa ndipo ninaposisitiza zaidi. Mwaka ukishakuwa lebo, sensa zote hupangwa kwa nafasi sawa, ingawa kati ya 1988 na 2002 imepita miaka 14, na kati ya 2002 na 2012 ni 10 tu. Kwenye chati, ongezeko la milioni 11.3 linafuatiwa na la milioni 10.5, na msomaji anaamini kasi imepungua. Gawanya kwa miaka: takriban milioni 0.81 kwa mwaka, kisha 1.05. Kasi ilipanda! Wapo wanaodai chati ya mstari inatosha kuonyesha mwelekeo, lakini hapa ni mwelekeo wenyewe uliopotoshwa. Teua safu wima zilezile, vichwa vikiwa mahali pake, na uchague chati ya mtawanyiko yenye mistari. Hapo Excel huitumia safu wima ya kwanza kupima umbali kwenye mhimili mlalo. Kuhakikisha, bofya mstari uliochorwa: kwenye upau wa fomula, fomula ya SERIES itataja seli ya jina, kisha za miaka, kisha za watu.