Siri ya Mgonjwa na Uhai wa Mlengwa



Somo la toleo hili linawahusu hasa washauri nasaha na wahudumu wa afya wa Rugaaga na kambi ya Nakivale. Mtu akikueleza faraghani kwamba atamwua mwenzake, je, siri hiyo uitunze au uitoe?

Tuanze na kisa cha Berkeley, katika jimbo la California, Marekani. Mwaka 1969 mwanafunzi Prosenjit Poddar alimwambia mtaalamu wa saikolojia aliyemtibu kwamba angemwua msichana aliyemkataa, Tatiana Tarasoff. Mtaalamu aliwaarifu askari wa chuo kikuu. Askari walimhoji kijana, wakamwona ana akili timamu, naye akaahidi kujitenga na msichana huyo, wakamwachia. Tatiana na wazazi wake hawakuambiwa neno. Tarehe 27 Oktoba aliuawa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba mtabibu anayetambua kuwa mgonjwa wake ni hatari kubwa kwa mtu fulani ana wajibu wa kuchukua hatua za busara ili kumlinda mtu huyo.

Hukumu hiyo si sheria ya Uganda, lakini mafundisho yake yanatufaa. Hapa kwetu kutishia kumdhuru mtu ni kosa la jinai. Aidha, marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Watoto yanamtaka tabibu, mwalimu au mhudumu wa ustawi wa jamii anayeamini kwa sababu za msingi kuwa mtoto anadhulumiwa atoe taarifa.

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hata hivyo, si kila neno la hasira ni tishio. Anayesema, "Jirani huyu amenichosha, Mungu atamlipa," anahitaji kusikilizwa. Anayesema, "Jumamosi akirudi kutoka sokoni nitamngoja njiani, panga nimekwisha kulinoa," ametaja mtu, siku, mahali na silaha. Huyo wa pili usimwache aondoke hivi hivi.

Tunashauri mambo manne. Kwanza, siku ya kwanza ya mazungumzo mweleze mgonjwa mipaka ya siri, asije akaona amesalitiwa. Pili, tishio likiwa la kweli, mwarifu msimamizi wako na polisi mara moja. Namba 999 haina malipo. Tatu, hakikisha mlengwa mwenyewe ameonywa. Nne, toa yanayohusu hatari tu: nani, dhidi ya nani, wapi, lini. Historia ya ugonjwa wake, na yale yaliyompata Kongo au Burundi, yabaki kwako. Naye aendelee kupata matibabu.

Kisa hiki kinatugusa nasi polisi. Mahakama ile haikuwatwika dhima askari wa Berkeley, lakini Tatiana hakurudi. Kwa hiyo utulivu wa mtuhumiwa mbele ya meza yetu usitutosheleze. Tumuulize mtoa taarifa kama mlengwa anajua, na kama hajui, tumtafute.

Tunafahamu pia kwamba wengi wa majirani zetu waliwakimbia watu wenye sare. Wakiamini kila wanalomwambia mshauri hufika kituoni, watanyamaza, na tishio litanyamaza pamoja nao. Ndiyo maana tunaomba tuletewe hatari peke yake. Mengine ni siri ya mgonjwa, nasi hatuyahitaji.