Usingoje Jino Liume: Somo la Kutunza Meno Nyumbani

Kwa kaya zinazozungumza Kiswahili katika manispaa ya Forest (Vorst), Brussels



Jino haliumi siku linapoanza kuoza. Huoza kimya kimya kwa miezi mingi, hadi usiku ule ambapo mtoto huamka akilia na mzazi hajui aende wapi wala atalipa nini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika mambo ya kinywa, ufa huzibwa kwa gharama ndogo, lakini ukuta ni ghali. Somo hili limekusudiwa kusomwa nyumbani, wazazi pamoja na watoto. Mwishoni mna maswali ya kuzungumza pamoja.

1. Jinsi jino linavyooza

Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu vinavyojishikiza juu ya meno na kufanya utando laini uitwao ukoga. Tunapokula sukari, vijidudu hivyo navyo hula, kisha hutoa asidi. Asidi huondoa madini katika ganda gumu la jino kwa muda wa nusu saa hivi. Baadaye mate huisafisha asidi na kulirudishia jino sehemu ya madini yaliyopotea.

Kwa hiyo si wingi wa sukari peke yake unaodhuru, bali pia idadi ya mara tunazoila. Mtoto anayekunywa soda wakati wa chakula hulishambulia jino mara moja. Yule anayeionja kidogo kidogo mchana kutwa halipi jino nafasi ya kupona. Kopo moja la soda la mililita 330 huwa na karibu gramu 35 za sukari. Chai ya maziwa yenye sukari, juisi ya boksi, biskuti, asali na tende nazo zina sukari. Hatusemi viachwe vyote. Tunasema viliwe pamoja na mlo, na kati ya mlo na mlo kiu ikatwe kwa maji ya bomba, ambayo hapa Brussels ni salama kunywa.

Hatari kubwa kwa mtoto mdogo ni chupa ya usiku. Mtoto alalapo na chupa ya maziwa, ya juisi au ya chai tamu, mate hupungua usingizini na sukari hubaki juu ya meno hadi asubuhi. Meno ya mbele ya juu ndiyo huharibika kwanza. Kama mtoto hawezi kulala bila chupa, itiwe maji matupu.

2. Kupiga mswaki, tangu jino la kwanza

Watu wazima na watoto wapige mswaki mara mbili kila siku, kwa dakika mbili kila mara, na mara moja iwe kabla ya kulala. Baada ya mswaki wa usiku, kisiliwe wala kunywewa kitu chochote ila maji. Temeni povu, lakini msisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki juu ya meno.

Dawa ya meno iwe na madini ya floraidi, ambayo huimarisha ganda la jino. Kiasi chake huandikwa juu ya boksi kwa herufi «ppm»:

– Tangu jino la kwanza hadi miaka 2: dawa ya 1000 ppm, kiasi cha punje ya mchele.
– Miaka 2 hadi 6: dawa ya 1000 ppm au zaidi kidogo, kiasi cha punje ya njegere.
– Zaidi ya miaka 6 na watu wazima: dawa ya 1450 ppm.

Mtoto hana ustadi wa mkono wa kutosha kusafisha meno yake mwenyewe kabla ya kutimiza miaka 7 au 8. Mwacheni aanze, kisha mzazi amalizie. Simameni nyuma yake, kichwa chake kikiegemea kifua chenu. Kwa namna hiyo mnaona kinywa chote.

Wengi wetu tumekulia penye mswaki wa mti. Kijiti hicho husafisha vizuri kikitumiwa kwa uangalifu, na si lazima kukiacha. Lakini hakina floraidi ya kutosha, na magego ya nyuma hukifikia kwa shida. Kitumieni mchana mpendapo. Asubuhi na usiku tumieni mswaki wenye dawa.

Zingatieni pia jambo hili: panapo umri wa miaka 6 hivi, gego jipya huota nyuma kabisa, pasipo jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni jino la utoto na kulipuuza. Kumbe ni la kudumu, nalo halitakuwa na badala yake. Meno ya utoto ni 20, nayo pia yana kazi: mtoto hutafuna na kusema kwa hayo, na huyashikia nafasi yale yajayo. Kusema «litang'oka tu» si sababu ya kuliacha lioze.

3. Maji ya kwetu na maji ya hapa

Baadhi yetu tumetoka sehemu za Bonde la Ufa, kama vile Arusha nchini Tanzania au Nakuru nchini Kenya, ambako maji ya visima vingi yana floraidi nyingi mno. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Visima vya huko huweza kukipita mara kadhaa. Mtoto anayekunywa maji hayo katika miaka ya kwanza huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia. Madoa hayo si uchafu wala uzembe, na hayatoki kwa kusugua kwa nguvu, kwa majivu wala kwa mkaa. Kusugua hivyo hulikwangua ganda la jino tu. Daktari wa meno anaweza kuyapunguza.

Hapa Ubelgiji hali ni kinyume. Floraidi haiongezwi katika maji ya bomba, kwa hiyo dawa ya meno ndiyo chanzo kikuu cha kinga. Aliyezoea kuambiwa kwamba floraidi ni mbaya ajue kwamba ubaya hutokana na kuimeza kwa wingi utotoni, si kuipaka kidogo juu ya meno. Wenye magadi waliyoletewa kutoka nyumbani kwa kupikia maharage wasiwapikie watoto wadogo kwa hayo, kwani baadhi ya magadi yana floraidi nyingi.

4. Yale yaitwayo «meno ya plastiki»

Tunaomba sehemu hii isomwe na kila mwenye mtoto mchanga, pamoja na bibi na shangazi wanaosaidia kulea.

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto mchanga anapopata homa, kuhara au kutapika, baadhi ya watu hutazama ufizi wake na kuona uvimbe mweupe mahali pa meno ya chonge. Huuita meno ya plastiki au meno ya nailoni. Nchini Uganda huitwa «ebiino». Husemwa kwamba ndiyo yaletayo ugonjwa, na huchimbuliwa kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli, mara nyingi bila ganzi.

Uvimbe huo si ugonjwa. Ni chonge la utoto ambalo bado halijatoka, nalo huwa laini na jeupe kwa sababu halijakomaa. Kila mtoto analo. Homa na kuhara vina sababu nyingine, nazo hutibika. Anayechimbuliwa ufizi huweza kutokwa na damu nyingi, kuambukizwa katika damu, hata kufa. Na wakati huo ugonjwa wa kweli unaendelea bila dawa. Aliyepona mara nyingi hukosa jino hilo, na la kudumu lililo chini yake huota limeharibika.

Tunajua kwamba wazazi waliofanya hivyo walitaka kumwokoa mtoto. Hakuna anayewalaumu kwa mapenzi yao. Lakini kitendo chenyewe kiachwe, hapa na pia wakati wa likizo nyumbani. Mtoto mchanga mwenye homa, anayehara au asiyetaka kunyonya apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Akiwa mlegevu, hakojoi au anapumua kwa shida, pigeni simu 112. Na kama mtoto wenu aliwahi kufanyiwa hivyo zamani, mwambieni daktari wa meno bila hofu. Habari hiyo itamsaidia kuelewa meno yake.

5. Fizi, ujauzito na sukari ya damu

Fizi zenye afya hazitoki damu. Zikitoka damu wakati wa mswaki, msiache kupiga mswaki. Pigeni kwa upole zaidi na mwoneni daktari. Ukoga usioondolewa hugeuka kuwa ugaga mgumu, ambao hauondoki kwa mswaki. Ukiachwa, fizi hurudi nyuma na meno mazima hulegea.

Mama mjamzito fizi zake huvimba kwa urahisi. Matibabu ya meno yanaruhusiwa wakati wa ujauzito. Amweleze daktari tu kwamba ana mimba. Mwenye kisukari naye achunge fizi kwa bidii, kwa sababu fizi mbaya huifanya sukari ya damu iwe vigumu kudhibitiwa. Tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kutafuna, huharibu fizi na huweza kuleta saratani ya kinywa. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 3 kionyeshwe kwa daktari.

6. Jino linapouma

Karafuu hutuliza maumivu kwa muda, lakini hailitibu jino. Aspirini isiwekwe juu ya ufizi, kwani huuunguza. Wala watoto wasipewe aspirini. Paracetamol inafaa ikifuatwa kama ilivyoandikwa. Kuizidisha kwa sababu maumivu hayaishi kunaweza kuharibu ini. Aliyezidisha apige simu Kituo cha Sumu, 070 245 245, hata kama hajisikii mgonjwa. Viuavijasumu vilivyobaki katika sanduku la safari visitumiwe: usaha wa jino hautoki kwa vidonge peke yake.

Shavu likivimba pamoja na homa, mtafuteni daktari siku hiyo. Uvimbe ukifika jichoni au shingoni, au mtu akishindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua, pigeni 112 mara moja.

Jino la kudumu liking'oka kwa kuanguka, lishikeni upande wa kutafunia, si mzizi. Lisuuzeni kidogo kwa maziwa na lirudisheni mahali pake, au libebeni ndani ya maziwa, mfike kwa daktari katika muda wa saa moja. Jino la utoto lisirudishwe.

7. Gharama na mahali pa kwenda

Mtoto aonwe na daktari wa meno (dentiste kwa Kifaransa, tandarts kwa Kiholanzi) kabla ya kutimiza mwaka mmoja au mapema baada ya hapo, kisha mara moja au mbili kila mwaka. Ombeni miadi kwa simu, na msipoweza kufika semeni mapema.

Mwanachama wa mfuko wa bima ya afya (mutuelle, ziekenfonds) aende na kitambulisho chake. Mtoto wa chini ya miaka 12 ana kadi ya ISI+. Kabla ya kufika, ulizeni mambo mawili: «Je, daktari anafuata bei za mkataba (conventionné)?» na «Je, nitalipa sehemu yangu tu (tiers payant)?» Hadi siku ya kutimiza miaka 19, huduma nyingi za kuzuia na kutibu meno hurudishwa zote kwa daktari anayefuata bei za mkataba. Kunyoosha meno kuna masharti yake na mipaka ya umri, kwa hiyo ulizeni mapema. Kwa mtu mzima, aliyetibiwa meno mwaka uliotangulia hurudishiwa zaidi kwa matibabu kadhaa. Wenye kipato kidogo waulize kuhusu haki ya BIM.

Asiye na hati za ukaazi anaweza kuomba msaada wa matibabu ya dharura (aide médicale urgente) kwa CPAS ya manispaa anamoishi. Neno «dharura» lisiwatishe: msaada huu unahusu pia kinga, ikiwa daktari amethibitisha kwamba matibabu yanahitajika. Kwa sheria, taarifa za matibabu hayo haziwezi kutumiwa kwa kusudi jingine. Anayeomba ukimbizi aulize kwanza huduma ya afya ya kituo chake, au Fedasil kama anaishi nje ya kituo.

Mnayo haki ya kueleweshwa. Ombeni mkalimani mnapochukua miadi. Mtoto asifanywe mkalimani wa ugonjwa wa mzazi wake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Jana kila mmoja wetu alikula au kunywa kitu kitamu mara ngapi? Ni mara ipi tungeweza kuiacha?
2. Dawa yetu ya meno ina ppm ngapi?
3. Ni nani anayemalizia mswaki wa mtoto usiku?
4. Ndugu akisema mtoto ana meno ya plastiki, tutamjibuje kwa heshima?
5. Kila mmoja wetu alimwona daktari wa meno lini kwa mara ya mwisho? Andikeni tarehe hiyo, kisha chukueni simu mwombe miadi ijayo.