JUMANNE: Zamu ya Kusoma Inapofika

Katika darasa moja la Shule ya Sabato, mafungu husomwa kwa zamu. Ndugu mmoja, fundi mwashi na baba wa watoto wanne, huwahesabu watu waliobaki kabla yake. Zamu yake inapokaribia, anainuka na kutoka nje kana kwamba amepigiwa simu. Wengine wanadhani hapendi Neno la Mungu. Ukweli ni kwamba herufi zimemsumbua tangu utoto. Shuleni aliitwa mvivu, na sasa anaogopa kuaibika mbele ya wanawe.

Ugumu wa namna hii huitwa disleksia. Mtu huzaliwa nao, na mara nyingi huendelea nao hata utu uzima. Si uvivu, si upungufu wa akili, wala si adhabu ya dhambi. Anayesoma kwa shida anaweza kuelewa vizuri sana anaposikiliza.

Soma Nehemia 8:1-12. Ni akina nani waliokusanyika mbele ya Lango la Maji? Walawi walifanya nini ili watu waelewe?

Walikuwapo wanaume, wanawake na wote walioweza kusikia na kufahamu. Ezra alisoma tangu asubuhi hadi adhuhuri, nao Walawi wakawaeleza watu maana. Biblia haisemi ni wangapi kati yao waliojua kusoma. Inasema kwamba walielewa, na kwa sababu hiyo wakafurahi sana.

Linganisha na Ufunuo 1:3. Baraka inayotajwa hapo ni ya nani?

Msomaji amebarikiwa, na wasikiao na kuyashika wamebarikiwa pamoja naye. Basi mwalimu aombe wanaojitolea kusoma badala ya kufuata viti. Anayependa kujaribu apewe fungu lake mapema katika juma. Biblia ya sauti kwenye simu itamsaidia kujifunza lesoni nyumbani. Tena asiachwe awe msikilizaji tu. Darasa likifika Mathayo 7:24-27, ni nani anayejua habari za msingi na mwamba kuliko fundi yule?

Je, kuna utaratibu katika darasa lenu unaomfanya mtu atamani kutoka nje? Mtabadilisha nini kabla ya Sabato ijayo, bila kumtaja mtu yeyote?